Chura Wetu, Elimu Yao: Dhidi ya Kisingizio cha Tija

Kuna swali ambalo katika nchi yetu limeacha kuwa swali na limegeuka kuwa rungu: "Utafiti huu una tija gani kwa taifa?" Huulizwa na mjumbe wa kamati, huulizwa na afisa mipango, na wakati mwingine huulizwa na mwanasiasa aliyesoma kichwa cha tasnifu akaishia hapo. Anayeuliza hangoji jibu. Anayeulizwa anajua kwamba ameshahukumiwa. Makala haya yanalipinga swali hilo kwa namna linavyoulizwa, na nitalipinga kwa mfano ambao wenye rungu wangeuona kuwa dhaifu kuliko mifano yote: vimeng'enya vinavyokata vitangulizi vya homoni katika ubongo na tezi ya pituitari ya chura.

Mfano huo nimeuchagua kwa makusudi. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuandika andiko la utafiti juu ya mada hiyo. Andiko lilirudishwa na sentensi moja tu: tija yake kwa maendeleo ya taifa haijabainishwa. Hakuna aliyehoji mbinu zake. Hakuna aliyehoji bajeti yake, ambayo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya semina moja ya siku mbili hotelini. Chombo kilicholirudisha sitakitaja, kwa kuwa tatizo si la chombo kimoja. Ni namna ya kufikiri iliyokwisha kuwa desturi, na desturi haiondolewi kwa kumtaja mtu jina. Huondolewa kwa hoja.

Basi tuanze na chura mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis, chura wa majini mwenye kucha katika vidole vya miguu ya nyuma, mwenyeji wa kusini mwa Afrika. Ukimweka katika chombo cheusi, ngozi yake huwa nyeusi. Ukimhamishia katika chombo cheupe, hupauka. Jicho huona, ubongo huamua, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutekeleza. Katika sehemu ya kati ya tezi hiyo mna seli zinazotengeneza protini ndefu ijulikanayo kwa kifupi chake POMC. Protini hiyo, ikiwa nzima, haifanyi kazi ya homoni tunazozitarajia kutoka kwake. Ni kitangulizi. Ifikirie kama jora la kitambaa: ndani yake mna kanzu, mna shati, mna kofia, lakini hakuna mtu anayevaa jora. Lazima apatikane fundi mwenye mkasi, anayejua akate wapi.

Mafundi hao ndio vimeng'enya ninavyovizungumzia. Viwili mashuhuri huitwa PC1 na PC2. Kazi yao ni kutafuta mahali ambapo asidi amino za lisini na arjinini zimekaa wawili wawili, kisha kukata hapo. Jora ni moja, lakini nguo itakayotoka hutegemea fundi aliye zamu. Katika sehemu ya mbele ya pituitari, ambako PC1 ndicho kinachotawala, POMC hutoa ACTH, homoni inayoziamuru tezi za adrenali ziuandae mwili kukabili msongo. Katika sehemu ya kati, ambako PC2 kipo kwa wingi, ACTH hiyohiyo hukatwa tena na kutoa alfa-MSH, homoni inayoifanya ngozi ya chura iwe nyeusi. Kutoka jora hilohilo hupatikana pia beta-endofini, mojawapo ya vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe.

Neno letu "kimeng'enya" limetokana na kumeng'enya, yaani kusaga na kuvunjavunja chakula tumboni. Ni neno zuri, lakini hapa linaweza kupotosha. Vimeng'enya hivi havikati ili kuharibu, bali hukata mahali maalumu, kwa wakati maalumu, ili kitu kisichokuwa na kazi kipate kazi. Mwili ambao mafundi hawa wamekosekana una malighafi tele na hauna bidhaa. Msomaji anayeifahamu hali ya uchumi wetu hahitaji nimweleze zaidi.

Sasa tutazame elimu hii ilipatikanaje, kwa sababu hapo ndipo rungu la tija linapovunjika.

Mwaka 1927 Mwingereza aitwaye Lancelot Hogben alifika Chuo Kikuu cha Cape Town kufundisha zuolojia. Swali lake la miaka mingi lilikuwa moja: kwa nini wanyama wa namna hii hubadilika rangi? Alipoiondoa tezi ya pituitari, chura alipauka na kubaki amepauka. Katika kuendelea na kazi hiyo aliwadunga vyura wa kike dondoo ya pituitari ya ng'ombe, nao wakataga mayai. Aliandika habari hiyo mwaka 1930, mwaka huohuo alioondoka kwenda London, akiwa amechoshwa na siasa za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini. Katika miaka iliyofuata, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, palepale Cape Town, waliuliza swali lililokuwa limebaki: kama homoni ya ng'ombe inamtagisha chura, je, homoni iliyomo katika mkojo wa mama mjamzito? Jibu lilikuwa ndiyo. Mkojo ukidungwa kwa chura wa kike, na mwanamke akiwa mjamzito, mayai huonekana baada ya saa chache tu. Kabla ya hapo kipimo cha mimba kilihitaji kumuua panya au sungura ili kutazama ovari zake. Chura hakuuawa. Alipumzishwa, akatumika tena.

Kuanzia hapo chura wa Afrika akawa bidhaa. Kituo cha serikali cha kuzalisha samaki cha Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, kilisafirisha vyura maelfu kwa maelfu kwenda hospitali na maabara za Ulaya na Marekani. Mpaka miaka ya 1960, mwanamke wa London aliyetaka kujua kama ana mimba huenda alijibiwa na chura wa Rasi ya Tumaini Jema.

Naweza kumsikia mwenye rungu akishangilia: "Naam! Kipimo cha mimba. Hiyo ndiyo tija tunayoitaka." Hapana, ndugu yangu. Rudi nyuma utazame mpangilio wa mambo. Hogben hakuwa akitafuta kipimo cha mimba. Alikuwa akitafuta sababu ya chura kubadilika rangi. Laiti angejaza fomu zetu za leo, katika kisanduku cha "matokeo yanayotarajiwa kwa jamii" angeandika nini? Angeandika ukweli, nalo andiko lingerudishwa. Au angeandika uongo wenye maneno ya mkakati na dira, naye angepewa fedha kwa uongo wake. Fomu zetu zimejengwa kwa namna inayomwadhibu msema kweli na kumzawadia mwongo. Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza.

Vyura walipokwisha kuzagaa katika maabara za dunia, wanasayansi waliwatumia kwa maswali mengine. Huko Oxford, John Gurdon alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura, akapata kiluwiluwi kamili. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1962, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2012, miaka 50 baadaye. Huko Nijmegen, Uholanzi, kundi jingine lilirudi kwenye swali la zamani la rangi, safari hii likiwa na zana za jeni. Chura aliyekaa kwenye chombo cheusi hutengeneza POMC mara nyingi zaidi ya aliyekaa kwenye cheupe. Kwa hiyo, ukitaka kujua ni vitu gani vinavyoshiriki katika kuiandaa homoni, walinganishe vyura hao wawili uone ni jeni zipi nyingine zilizoamka pamoja na ile ya POMC. Mwaka 1992 walieleza muundo wa PC2 ya chura huyu. Mwaka 1994 Joep Braks na Gerard Martens walionyesha kwamba protini ndogo iitwayo 7B2 ni msindikizaji wa PC2: huambatana nacho safarini ndani ya seli mpaka kifikie hatua ya kufanya kazi yake. Mkasi wenyewe nao una mlinzi wake.

Wakati huo wengine walikuwa wakilijia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba insulini nayo huanza kama kitangulizi kirefu ambacho sharti kikatwe. Mwaka 1984 kimeng'enya kinachokata vitangulizi kilipatikana katika hamira, ndiyo, hamira ileile ya maandazi, kikaitwa Kex2. Kufikia mwaka 1990, watafiti wa Chicago na Montreal walikuwa wamewatambua jamaa zake katika mamalia, wakiwemo PC1 na PC2. Hamira, chura, ng'ombe na binadamu wakaonekana kuwa wanatumia ukoo mmoja wa mafundi. Hakuna aliyepanga jambo hilo katika mpango wa miaka mitano.

Kwa wanaodai matunda, matunda ni haya. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba kasoro katika jeni ya PC1 humfanya mtu anenepe kupita kiasi tangu utotoni, kwa kuwa homoni za shibe na za sukari hazikatwi ipasavyo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo setmelanotide kwa wagonjwa wenye kasoro za jeni za POMC na PC1. Dawa hiyo inaiga kazi ya alfa-MSH, homoni ileile inayomfanya chura awe mweusi, kwa sababu ndani ya ubongo wa binadamu homoni hiyo huzima njaa. Na mojawapo ya athari zinazojulikana za dawa hiyo ni kwamba ngozi ya mgonjwa huwa nyeusi zaidi. Swali la chura na rangi, ambalo kamati zetu zingelicheka, liko ndani ya kichupa cha dawa ya binadamu.

Virusi vya UVIKO-19 vilipoingia duniani, mojawapo ya mambo ya kwanza kugunduliwa ni kwamba mwiba wake una mahali pa kukatwa na furini, fundi mwingine wa ukoo huuhuu. Waliokuwa wamezoea kuwasoma mafundi hawa walielewa maana yake mara moja. Sisi tulisubiri kuelezwa.

Sasa naijibu hoja iliyo nzito, maana si haki kupambana na hoja nyepesi na kuikimbia nzito. Inasema hivi: nchi maskini haina anasa ya udadisi. Wapo akina mama wanaojifungulia sakafuni. Wapo watoto wasio na madawati. Shilingi moja inayokwenda kwa chura imeporwa kwa mama huyo.

Hoja hii inastahili heshima, na kwa kuwa naiheshimu nitakwenda nayo mpaka wodini. Mama huyo amejifungua, damu inamtoka. Muuguzi anachukua nini? Anachukua sindano ya oksitosini. Oksitosini ni homoni ya asidi amino 9. Hutengenezwa katika ubongo, nayo pia huanza kama kitangulizi kirefu ambacho sharti kikatwe. Chura ana jamaa yake, mesotosini, inayotofautiana na oksitosini kwa asidi amino moja tu. Vincent du Vigneaud alitengeneza oksitosini kwa kemia katika maabara mwaka 1953, akapata Nobel mwaka 1955. Maana yake ni kwamba dawa inayomwokoa mama wa wodini kwetu imezaliwa na watu waliotumia miaka wakidadisi matone ya tezi za wanyama. Mwenye kumtumia mama huyo kama ngao dhidi ya elimu ya homoni anamtumia dhidi ya sindano yake mwenyewe.

Isitoshe, hebu tuwe wakweli kuhusu hesabu. Fedha zilizonyimwa andiko la chura hazikwenda wodini. Hakuna mfereji unaotoka katika bajeti ya utafiti kwenda katika bajeti ya vitanda. Zimekwenda kwenye warsha, kwenye magari, kwenye posho za kikao kilichoketi kujadili vipaumbele vya utafiti. Anayetaka kumtetea mama wa wodini aanze na hizo, nami nitakuwa nyuma yake.

Ipo hoja ya pili, yenye sura ya busara. Inasema: waache matajiri wagharimie udadisi, sisi tutasoma matokeo bure, maana elimu ni ya wote. Ni kweli kwamba makala nyingi za kisayansi siku hizi husomeka bure. Lakini elimu iliyomo ndani ya dawa haipatikani bure, na hapa mfano unauma.

Katika ukoo huu wa vimeng'enya yumo wa tisa, PCSK9. Aligunduliwa mwaka 2003 na maabara ya Nabil Seidah huko Montreal, mmoja wa waliokuwa wameshiriki kuwatambua PC1 na PC2. Huyu ana tabia ya peke yake: baada ya kujikata mwenyewe hakati tena wengine, bali huzishika protini za ini zinazoondoa lehemu kwenye damu na kuzipeleka zikaharibiwe. Akizidi, lehemu huzidi. Akipungua, mishipa ya moyo hunusurika. Na tulijuaje kwamba kumpunguza kuna manufaa? Kwa sehemu kubwa, kwa kutazama damu ya watu wenye asili ya Afrika. Watafiti wa Dallas walionyesha kwamba takriban asilimia 2 ya Wamarekani weusi waliowachunguza wana kasoro inayoizima jeni hii, wana lehemu kidogo, na ugonjwa wa moyo huwapata kwa nadra. Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya kasoro ya namna hiyo kwa wanawake waliohudhuria kliniki za wajawazito nchini Zimbabwe.

Dawa za kumzuia PCSK9 zilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015, bei yake ya orodha ilizidi dola 14,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Hata baada ya kampuni moja kuishusha mwaka 2018, ilibaki dola 5,850. Niambie, msomaji, ni kliniki ipi ya wajawazito kwetu inayoweza kumwandikia mtu dawa hiyo? Chura wetu waliuzwa kwa bei ya chura, nasi tunauziwa elimu kwa bei ya elimu. Mwenye kusema "tutasoma bure" hajawahi kusimama kwenye dirisha la famasia.

Wapo watakaosema lawama yote ni ya ukoloni. Kwa enzi ya Jonkershoek, nakubali. Serikali iliyouza vyura wale haikuwa ya Waafrika walio wengi, na milango ya maabara za Cape Town haikuwa wazi kwao. Lakini Tume yetu ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa mwaka 1980 ulitaja asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya sayansi, na viongozi wa Umoja wa Afrika wakalirudia lengo hilo Addis Ababa mwaka 2007. Majirani zetu Kenya waliandika asilimia 2 katika sheria yao ya sayansi ya mwaka 2013. Ahadi hizi hazikuandikwa na mkoloni. Mlango uliofungwa na mkoloni tunaujua. Huu wa leo komeo lake liko upande wetu wa ndani.

Na matokeo yake si nadharia. Kenya wana chura wao wa ukoo wa Xenopus, Xenopus borealis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na vyura wa Marsabit. Katika miaka ya 1970 maabara kubwa za Marekani zilimtumia katika utafiti mashuhuri wa jeni, zikiamini kwamba ni Xenopus muelleri, spishi nyingine inayopatikana mpaka pwani yetu. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1977, na waliolisahihisha ni walewale waliolifanya. Chura wa Afrika Mashariki aliitwa jina la mwenzake kwa miaka kadhaa, na sahihisho halikutoka Afrika Mashariki. Asiyewasoma viumbe wake hana hata nafasi ya kusema, "Samahani, huyo siye."

Sisi Watanzania tuna somo letu wenyewe, nalo ni Kihansi. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, alikutwa chura mdogo wa manjano aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko na hakupatikana mahali pengine popote duniani. Mto uliokuwa ukimpa manyunyu ndio uliozuiwa kuzalisha megawati 180 za umeme. Mwaka 2000 takriban vyura 500 walipelekwa katika bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vizazi vyake vilianza kurejeshwa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa waliopokea.

Mjadala wetu wa kitaifa juu ya chura huyo ulikuwa wa sentensi moja: umeme au chura? Nauona ni mjadala wa aibu, tena si kwa sababu umeme hauna maana. Ni wa aibu kwa sababu hakuna aliyeuliza chura huyo ni nani. Chura wa Kihansi hatagi mayai majini kama wengine. Huzaa watoto walio hai, vyura kamili wenye urefu wa milimita chache. Mwili unaobeba mimba bila kuwa mamalia unahitaji ubongo na pituitari vinavyojua lini kuzuia na lini kuachilia, yaani unahitaji homoni, vitangulizi na mikasi yake. Kwa jamaa yake wa Mlima Nimba, Guinea, ambaye hubeba mimba kwa miezi tisa kama binadamu, maswali ya homoni yaliulizwa na watafiti wa Ufaransa katika karne iliyopita. Sisi tulikuwa na mzazi wa ajabu namna hiyo katika ua wetu, tukamjadili kama kikwazo cha nyaya.

Siwaachi pembeni wahadhiri wenzangu. Wengi wamejifunza kuivalisha kila hoja joho la mkakati wa taifa, na kuandika "tija" mara tatu katika kila aya ili fomu ipite. Wengine wameacha kabisa kuuliza maswali, wanaandika ripoti za ushauri elekezi ambazo majibu yake yalijulikana kabla ya safari. Mfadhili wa nje akisema malaria, sote ni wa malaria. Akisema tabianchi, sote ni wa tabianchi. Halafu tunawalaumu wanafunzi kwamba hawana udadisi.

Nataka nini basi? Sidai kwamba kila utafiti ugharimiwe, wala kwamba kilimo na afya viache kuwa vipaumbele. Nadai mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa watu wanaosoma ukurasa huu.

Kwanza, sehemu ndogo lakini ya kudumu ya mfuko wa utafiti itengwe kwa ajili ya maswali ambayo hayaahidi matumizi. Maandiko hayo yapimwe kwa vigezo vitatu: je, swali ni la kweli, mbinu inaweza kulijibu, na mhusika ana uwezo? Kisanduku cha tija kiondolewe humo.

Pili, maabara zipewe vitu vinavyoonekana vidogo. Vimeng'enya huharibika kwa joto. Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyo na jenereta ni kabati. Kemikali inayokaa bandarini miezi miwili ikisubiri kibali ni takataka iliyolipiwa ushuru. Utafiti wa msingi mara nyingi haufi kwa kukosa mabilioni. Unakufa kwa kukosa umeme wa usiku mmoja.

Tatu, wanaharakati wa haki ya rasilimali waache kuishia kwenye madini na ardhi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inahusu mgawanyo wa manufaa ya viumbe. Mkutano wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 ukaanzisha mfuko kwa ajili ya manufaa yatokanayo na taarifa za jeni zilizomo katika kompyuta za dunia. Lakini mgawanyo wa manufaa hudaiwa vema na mwenye wataalamu wa kuzisoma jeni hizo. Asiye nao huletewa karatasi ya kutia saini.

Nne, vijana wa vyuo wasikubali kuona haya. Ukiulizwa nyumbani unasoma nini, nawe unasoma pituitari ya chura, sema hivyo kwa Kiswahili fasaha na ueleze mpaka babu aelewe. Umma usioelezwa sayansi kwa lugha yake hautakuwa na sababu ya kuitetea siku bajeti inapopunguzwa.

Na kwako, mtumishi wa umma mwenye mhuri: najua fomu hukuiandika wewe. Lakini maoni yaliyo chini ya fomu unayaandika wewe. Andiko lijalo likikufikia mezani, likiwa linauliza jambo ambalo hujapata kulisikia, usiulize kwanza litatuletea nini. Uliza kama swali lake limewekwa sawasawa, na kama mwenye kuliuliza anajua pa kuanzia. Kama ni hivyo, lipitishe. Tija utaulizwa na wajukuu, nao hawatauliza kwa fomu.